Blokucheni: kwa nini wengine wanaingia, wengine wanagoma?

Kila nikipita kijiweni naulizwa: hii blokucheni mbona wengine wameivamia kichwakichwa, na wengine hawataki hata kuisikia? Leo nimeona nijibu hapa, tuelewane.

Blokucheni ni daftari la miamala ambalo nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi kwa mpigo. Muamala ukishaandikwa, mtu mmoja hawezi kuufuta kimyakimya. Bitcoin, iliyoanza 2009, ndiyo iliyoipa jina.

Wapo wanaosema anayekataa ni mshamba. Mimi sikubali. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Bongo 2008, na bibi zetu vijijini waliipokea bila semina. Ilimaliza shida halisi: kutuma hela nyumbani bila kumkabidhi kondakta wa basi bahasha. Ilikubali kwenye simu ya tochi. Na wakala alikuwa pale dukani, mtu wa kumkimbilia hela ikikwama.

Sasa cheki El Salvador. Septemba 2021 serikali iliifanya Bitcoin kuwa pesa halali, ikampa zawadi ya dola 30 kila aliyejiunga na programu ya Chivo. Watu wakala zawadi yao. Utafiti wa 2022 ukaonyesha wengi hawakuendelea kuitumia baada ya hapo. Januari 2025 bunge likaondoa ulazima wa kuipokea. Zawadi inaita watu, lakini haiwabakizi.

Nigeria mambo yakawa kinyume. Februari 2021 benki kuu iliziamuru benki zisihudumie biashara ya sarafu hizi. Vijana wakahamia kuuziana wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu naira ilikuwa inashuka thamani na dola hazipatikani kirahisi. Desemba 2023 zuio likalegezwa. Shida ikibana, katazo peke yake halitoshi.

Halafu kuna sheria. Novemba 2019 BoT ilitoa tahadhari kuwa sarafu hizi hazitambuliki nchini. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Kodi ni kodi, siyo ulinzi wa mteja. Kenya walipitisha sheria ya kuwapa leseni watoa huduma mwaka 2025. Mtu mwenye laki mbili za kodi ya nyumba lazima aangalie hayo.

Kwa hiyo kabla hujaingia, jiulize: inanitatulia shida gani? Funguo za siri anashika nani? Hela ikipotea namlilia nani? Ukituma kwenye anwani siyo, hakuna huduma kwa wateja ya kurudisha. Na jamaa akikuahidi faida ya kila siku, hiyo siyo teknolojia, ni upatu umevalishwa suti.

Mnasemaje wadau? Wewe umeingia au umegoma, na kwa nini? Tupia maoni hapo chini, matusi hapana.