Mpira na Daftari
Huko Marekani, ambako kandanda yao huchezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu, makocha wa vyuo vikuu huzuru nyumba za vijana wa sekondari, wakaketi sebuleni na wazazi wao na kuwaahidi ufadhili wa masomo. Lakini mwaka 1989 Dexter Manley, mchezaji mashuhuri aliyepitia Chuo Kikuu cha Oklahoma State, alifika mbele ya kamati ya Seneti akakiri, huku akilia, kwamba alimaliza miaka yake chuoni hajui kusoma sawasawa. Fedheha hiyo ni ya nani, kama si ya waalimu waliompitisha? Siku hizi NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu nchini humo, humtaka kijana anayejiunga na chuo cha daraja la kwanza la mashindano yake, kabla ya kuruhusiwa kucheza, awe amehitimu masomo 16 ya msingi ya sekondari kwa wastani usiopungua 2.3 katika 4.