Sindano ya Urembo na Fomu Isiyosomeka

Juma lililopita mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Murang'a, aliniletea karatasi mbili za Kiingereza akaniomba nimfasirie. Ilikuwa fomu ya idhini ambayo shangazi yake alikuwa ameitia sahihi katika kliniki ya urembo kabla ya kudungwa sindano ya kujaza midomo na mikunjo ya uso. "Mwalimu," akasema, "midomo yake imeota vinundu, naye hajui alikubali nini." Shangazi huyo ni mwalimu wa shule ya msingi. Kiingereza anakijua, cha fomu ile ndicho hakijui.

Kinachodungwa aghalabu ni asidi ya hayaluroniki, ambayo Karl Meyer na John Palmer waliigundua New York mwaka 1934 katika ute wa jicho la ng'ombe. Ngozi zetu zinayo, nayo hunasa maji. Ile ya maabara hufungamanishwa nyuzi zake isiyeyuke upesi. Ikiingia ngozini huvuta maji na mfinyo ukajaa, hadi vimeng'enya vya mwili viimalize, pengine baada ya miezi 6 hadi 18.

Hayo fomu iliyaeleza kwa maneno mepesi. Ilipofika kwenye madhara, ghafla lugha ikawa ya Kilatini. Istilahi moja ya maneno mawili tu ilikuwa na maana kwamba dawa yaweza kuziba mshipa wa damu: ngozi ikapauka, ikauma, ikafanya mabaka, hatimaye ikafa. Ikidungwa puani au baina ya nyusi, yaweza kurudi nyuma hadi mishipa ya jicho, mtu akapofuka kwa dakika chache, na ni nadra kuona tena. Vinundu navyo huenda vikawa dawa iliyogandamana, au maambukizi, au mwili unaopigana na kitu kigeni, hata baada ya miezi mingi.

Iko tiba. Kimeng'enya kiitwacho hayaluronidezi huyeyusha asidi hiyo, na mshipa ukiziba sharti kitumiwe mapema. Lakini hakiyeyushi silikoni.

Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya upasuaji wa urembo Nairobi, na baraza linalosimamia madaktari likaifunga kliniki husika. Wengi walilaumu tamaa ya urembo. Mimi simo. Nyanya zetu wa Kikuyu walitoboa masikio wakavaa hang'i, na msichana aliyetobolewa alijua fika atakachofanyiwa. Aliambiwa kwa lugha ya mama yake.

Kurasa zile mbili, kwa Kiswahili kinachoeleweka, zilitoka nne. Mahali pamoja tu palinishinda: palipopaswa kuandikwa jina la dawa palikuwa patupu, na sahihi ya shangazi iko chini yake. Bila jina hilo, daktari atajuaje kama vinundu vile vyaweza kuyeyushwa? Nilimwambia kijana afuatane na shangazi yake hadi kliniki ile, wadai jina kwa maandishi, kisha waende moja kwa moja kwa daktari wa ngozi.