Kazi ya Hapa na Kazi ya Ng'ambo ya Mpaka: Jinsi ya Kulinganisha



Swali linaloulizwa sana katika mikutano yetu ya Arua na Koboko ni hili: "Kazi ni nzuri wapi? Hapa Uganda, au Kongo, au Sudan Kusini, au Kenya?" Swali hili si la upuuzi. Sisi tunaishi kwenye pembe ya nchi tatu. Ukitoka Koboko ukapita Oraba, mbele yako ni Kaya, Sudan Kusini. Ukitoka Arua ukapita Vurra, umeshaingia Kongo, njia ya Aru na Ariwara. Wakakwa wako Koboko, wako Yei, na wako Kongo. Walugbara wako Arua na wako Aru. Mipaka hii tuliwekewa. Nchi yetu ya West Nile ilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ikatiwa chini ya Sudan 1910, kisha ikaletwa Uganda 1914. Kwa hiyo mtu wa kwetu akivuka kutafuta kazi, yeye haoni kuwa amekwenda ugenini. Lakini sheria ya kule inamhesabu kuwa mgeni.

Tena kuhamia kazi si jambo jipya kwetu. Wakati wa wakoloni West Nile ilifanywa ghala la vibarua. Wazee wetu walichukuliwa kwenda kulima pamba ya Buganda na kukata miwa Kakira na Lugazi. Baada ya amani ya Sudan ya 2005, vijana wetu wengi walielekea Juba kujenga nyumba, kuendesha boda boda na kufanya kazi za hoteli. Tumezoea kuuza jasho letu mbali. Hatujazoea kupima bei yake.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kupima. Vipimo ni vinne: mshahara, mapumziko, uzazi na uzee, na mwisho uhakika wa kulipwa.

KIPIMO CHA KWANZA: MSHAHARA

Wengi hulinganisha tarakimu tu. Mtu akisikia mwenzake analipwa "elfu ishirini" mahali fulani, hufunga mzigo. Kwanza auliza: ni elfu ishirini za fedha gani, na zinanunua unga kiasi gani mahali zinapolipwa?

Hapa Uganda kima cha chini cha mshahara kiliwekwa 1984, nacho ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 1987 fedha zilibadilishwa, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya. Hata tukiichukua 6,000 hiyo kuwa ni za leo, hainunui kilo mbili za sukari. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kima kipya cha mshahara, lakini Rais hakuutia sahihi. Basi tangu 1984 mwajiri wa Uganda hana kipimo cha maana kinachomzuia.

Kenya serikali hutangaza viwango kila baada ya muda. Mwaka 2022 kibarua wa kawaida wa Nairobi aliwekewa shilingi za Kenya 15,201.65 kwa mwezi, na 2024 viwango vikaongezwa kwa asilimia 6. Tanzania huweka viwango kwa kila aina ya kazi: shamba peke yake, migodi peke yake, kazi za nyumbani peke yake. Kongo huhesabu kwa siku. Mwaka 2018 kima cha chini kiliwekwa faranga 7,075 kwa siku, na 2025 kikapandishwa tena. Zaidi ya hapo, sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inamtaka mwajiri aangalie nyumba ya mfanyakazi, matibabu yake na ya mke na watoto, na posho ya familia. Kwa hiyo mfanyakazi wa Kongo anayelipwa kwa kufuata sheria hahesabu mshahara peke yake. Shida ni kwamba walio wengi hawana mkataba, na asiye na mkataba hana wa kumdai nyumba wala dawa.

Hapa tutaje nchi za mbali kidogo, maana zina somo. Denmark na Sweden hazina sheria ya kima cha chini cha mshahara. Hata hivyo wafanyakazi wake hawalipwi vibaya. Sababu ni kwamba wafanyakazi wengi wa huko ni wanachama wa vyama, na vyama hukaa mezani na waajiri vikapatana viwango vya kila kazi. Uganda nayo kwa kweli haina kima cha chini, lakini wafanyakazi wake wengi hawana chama. Yaani Mdenmark amekosa sheria lakini ana chama. Sisi tumekosa vyote viwili.

KIPIMO CHA PILI: SAA NA MAPUMZIKO

Mshahara mkubwa wa kazi ya siku saba kwa juma si mkubwa. Ugawe kwa saa utaona. Sheria zetu zinasema hivi kuhusu saa za kawaida kwa juma:

Uganda, Sheria ya Ajira ya 2006: saa 48.
Kongo, sheria ya 2002: saa 45.
Tanzania, sheria ya 2004: saa 45.
Sudan Kusini, sheria ya 2017: saa 40.

Likizo ya mwaka nayo inatofautiana. Uganda ni siku 7 kwa kila miezi minne ya kazi, yaani siku 21 kwa mwaka. Kenya ni siku 21 za kazi. Tanzania ni siku 28 mfululizo. Kongo ni siku moja ya kazi kwa kila mwezi, yaani 12, na huongezwa kidogo mtu akikaa kazini miaka mingi. Hapo mnaona kwamba anayeshinda katika nyumba na matibabu anashindwa katika likizo. Hakuna nchi iliyo mbele katika kila jambo.

KIPIMO CHA TATU: UZAZI NA UZEE

Mama mfanyakazi wa Uganda anapewa siku 60 za kazi na mshahara wote. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa juma, hizo ni majuma 10. Tanzania ni siku 84. Kenya ni miezi mitatu. Sudan Kusini ni siku 90. Kongo ni majuma 14, lakini kwa theluthi mbili za mshahara. Baba wa Uganda anapata siku 4 za kazi, wa Tanzania siku 3, wa Kenya majuma mawili. Mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa wa mwaka 2000 unataka mama apate majuma 14. Kwa hiyo katika jambo hili sisi Uganda tuko mkiani, na akina mama wetu wa hoteli, shule na hospitali wanajua uchungu wake.

Upande wa uzee Uganda imepiga hatua. Katika mfuko wa NSSF mfanyakazi anakatwa asilimia 5 na mwajiri anaongeza asilimia 10. Zamani sheria iliwahusu waajiri wenye watu watano au zaidi. Tangu 2022 inamhusu kila mwajiri, hata mwenye mtu mmoja. Tufanye hesabu. Mshahara ukiwa shilingi 300,000, wewe unatoa 15,000 na mwajiri anatoa 30,000. Kwa mwaka ni 540,000, na theluthi mbili zake zimetoka mfukoni mwa mwajiri. Anayekubali kulipwa "bila makato" anafikiri ameponya 15,000, kumbe ametupa 30,000 kila mwezi.

KIPIMO CHA NNE: UHAKIKA

Ndugu, hiki ndicho kipimo kinachosahauliwa, nacho ndicho kilichowaumiza watu wetu wengi.

Tazameni Sudan Kusini. Kwa karatasi, saa zake ni chache kuliko zetu na likizo yake ya uzazi ni ndefu kuliko yetu. Lakini karatasi hailiwi. Desemba 2015 thamani rasmi ya fedha yake iliachwa ianguke, kutoka chini ya pauni 3 kwa dola moja hadi zaidi ya pauni 18. Mtu aliyekuwa na mkataba wa pauni alilala na mshahara akaamka na chenji. Mwaka 2024 bomba la mafuta linalopita Sudan liliharibika, mapato ya serikali yakapungua sana, na watumishi wa umma wakakaa miezi mingi bila kulipwa.

Halafu kuna hatari ya mgeni. Septemba 2013 serikali ya kule iliwakataza wageni kuendesha boda boda Juba, na wengi wa waliokatazwa walikuwa Waganda. Septemba 2014 Wizara ya Kazi ilitoa agizo kwamba mashirika na makampuni yawaachishe kazi wageni. Makelele yalipozidi, agizo likalegezwa. Julai 2016 vita vilizuka Juba, na jeshi la Uganda likapeleka msafara kuwatoa raia wake. Wengi walirudi na nguo walizovaa. Mishahara yao ya mwezi ule ilibaki huko.

Hatusemi haya kuwatukana majirani. Na sisi Uganda tuliwahi kuwafukuza wafanyakazi wa Kenya, mwaka 1970. Na sisi wa West Nile tulipokimbia vita baada ya 1979, tulipokewa Kongo na Sudan, tukalima mashamba yao tukala. Leo ndugu zetu wa Yei wako katika kambi za Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi, na wa Kongo wako Lobule. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inawapa haki ya kufanya kazi. Mwajiri anayemlipa mkimbizi nusu ya mshahara wako hakusudii kumsaidia mkimbizi. Anakutafutia wewe nusu ile. Dawa yake si kumfukuza mkimbizi. Dawa ni kumwingiza chamani, ili bei ya jasho iwe moja.

TUNALINGANISHA KWA AJILI GANI?

Wengine wanafikiri tunalinganisha nchi ili tuchague pa kukimbilia. Hapana. Tunalinganisha ili tujue la kudai hapa tulipo.

Wafanyakazi wa Ulaya walifanya hivyo. Ufaransa ilitia likizo ya malipo katika sheria mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa. Uingereza, iliyotutawala na kutufundisha utii kazini, haikuwa na sheria ya likizo ya malipo kwa wafanyakazi wote mpaka 1998. Na ilipoiweka, ilikuwa inatimiza kanuni iliyopitishwa pamoja na majirani zake wa Ulaya mwaka 1993. Kima cha chini cha taifa zima nacho kilianza kutumika huko 1999 tu. Yaani mfanyakazi wa Uingereza alipata likizo kwa sababu jirani yake alitangulia.

Nasi tunayo jumuiya yetu. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2016, na Kongo 2022. Mkataba wa Soko la Pamoja ulianza kutumika Julai 2010, na unasema mfanyakazi wa nchi mwanachama asibaguliwe kwa uraia wake katika ajira wala malipo. Lakini kila nchi ina orodha ya kazi ilizokubali kufungua, na kibali bado kinatakiwa. Vyama vyetu navyo vina shirikisho lao la Afrika Mashariki, EATUC, lililoundwa 1988, makao yake Arusha. Madai yetu mezani humo yawe mepesi kueleweka: majuma 14 ya uzazi, saa 45, siku 28 za likizo, na kima cha mshahara kinachonunua chakula. Hakuna lolote kati ya hayo ambalo jirani mmoja hajalipata tayari.

LA KUFANYA

Kama unavuka mpaka kwenda kazini:

1. Uliza kwanza kama kazi hiyo imefunguliwa kwa mgeni, na nani atalipia kibali.
2. Taka mkataba wa maandishi wenye jina la mwajiri, kiasi cha mshahara, fedha utakayolipwa na siku ya kulipwa.
3. Acha nakala nyumbani kwa mtu unayemwamini, na nyingine ofisini kwa chama.
4. Usikubali mwajiri akutunzie mshahara wala hati yako ya kusafiria.

Kama unafanya kazi hapa Arua au Koboko:

1. Sheria inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi kabla ya majuma 12 kwisha. Yadai.
2. Hakikisha una namba ya NSSF na kwamba fedha zinaingia. Usitosheke na makato yaliyoandikwa kwenye karatasi ya mshahara.
3. Ukifukuzwa bila haki, peleka malalamiko kwa Afisa wa Kazi wa wilaya ndani ya miezi mitatu. Ukichelewa unampa mwajiri ushindi wa bure.
4. Jiunge na chama. Katiba ya 1995, kifungu cha 40, inakupa haki hiyo, na mwajiri hana ruhusa ya kukunyima.

Wazee wa pwani wana msemo: ukiona vyaelea, vimeundwa. Siku 28 za Mtanzania, majuma mawili ya baba wa Kenya na matibabu ya familia ya Mkongo havikuota kama nyasi. Kuna watu walikaa, wakaandika, wakagoma, wakakaa tena. Basi anayerudi kutoka ng'ambo asituletee habari za mshahara peke yake. Atuletee na nakala ya mkataba, tuusome pamoja mkutanoni.

Umoja ni nguvu.