Sauti ya Visiwani Katika Madarasa ya Mbeya na Iringa

Kompyuta zinapotajwa shuleni, wengi wetu huwaza hesabu na sayansi. Leo tunapenda kuikumbusha Serikali kazi nyingine ya chombo hicho, nayo ni kumsaidia mwalimu wa lugha.

Katika mikoa ya Mbeya na Iringa, mtoto wa Rungwe aliyelelewa kwa Kinyakyusa, au mwenzake wa Kilolo aliyelelewa kwa Kihehe, hukutana na Kiswahili kikiwa lugha yake ya pili. Kinyakyusa hakina sauti ya r. Basi si ajabu mtoto huyo akaandika “kula” akikusudia “kura”, au “mahali” akikusudia “mahari”. Huo si upungufu wa akili. Ni sikio ambalo halijazoeshwa. Mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kumrudia kila mwanafunzi neno moja mara 20. Kompyuta yaweza, tena haichoki wala haikemei.

Hata hivyo, kompyuta hutoa kile tu ilichotiwa. Programu nyingi za kufundishia lugha hutungwa ng’ambo, kwa ajili ya Kiingereza. Tukizipokea hivyo hivyo, watoto wetu watazoeshwa lugha ya wengine huku Kiswahili kikisubiri mlangoni.

Hapa ndipo sisi wa visiwani tunapohusika. Katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Heshima hiyo ina wajibu wake. Walimu na wasimulizi wetu warekodiwe wakisoma na kuzungumza, na sauti zao zihifadhiwe katika kompyuta za shule, ambako zitasikika hata pasipo intaneti.

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali; mwaka 2007 ikatoa sera ya kuzitumia katika elimu ya msingi. Hayo ni mageuzi makubwa, lakini sera peke yake haimfundishi mtoto kutamka. Tunaziomba wizara za elimu za Bara na Zanzibar zikae pamoja, zigawane kazi hii, na zianze kwa kuwafunza walimu wenyewe. Pasipo mwalimu aliyeandaliwa, na pasipo umeme wa kutegemewa, kompyuta itabaki kuwa sanduku la kufutwa vumbi siku ya ugeni.