Si kila mzee anayesahau ana ugonjwa mmoja

MZEE akiuliza swali lile lile mara tano kabla ya chai kupoa, watu wa nyumbani husema ni uzee tu. Akizungumza na watu wasiokuwapo sebuleni, husemwa amerogwa, au kwamba yeye mwenyewe ndiye mchawi. Huko Kilifi na Kisii kuna wazee waliouawa kwa shutuma kama hizo. Huenda wote hao wana dimensia, lakini si ya aina moja.

Inayojulikana zaidi ni Alzheimer, ambayo kulingana na Shirika la Afya Duniani huchangia asilimia 60 hadi 70 ya visa. Ilipewa jina la Alois Alzheimer, daktari Mjerumani aliyeanza kumchunguza Auguste Deter mjini Frankfurt mwaka wa 1901. Mama huyo alikuwa na umri wa miaka 51 tu, kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba haya ni maradhi ya vikongwe pekee. Alzheimer hula polepole kama mchwa ndani ya boriti, na aghalabu huanzia sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana nyanya atakusimulia sherehe za Uhuru za 1963 bila kukosea, ilhali hakumbuki kama amekula chakula cha mchana.

Dimensia ya mishipa ya damu haina mwendo huo. Husababishwa na damu kutofika ubongoni sawasawa, mara nyingi baada ya kiharusi, hata vile vidogo visivyotambuliwa. Mgonjwa aweza kukaa miezi bila mabadiliko, kisha ghafla akateremka kama ashukaye ngazi. Huenda kumbukumbu isiwe shida ya kwanza. Kinachomlemea ni kupanga: pilau aliyoipika miaka thelathini sasa hajui aanzie wapi. Presha na kisukari, ambavyo huchochea ugonjwa huu, vyaweza kudhibitiwa, ingawa kilichokwisha kuharibika hakirudi.

Ya tatu, iitwayo ya Lewy, ndiyo inayochanganya familia kupita zote. Asubuhi baba ni timamu na anasoma gazeti, jioni hajui yuko wapi, na kesho yake ametulia tena. Wengi husema anajifanya. Huona watoto au wanyama wasiokuwapo, hatua zake huwa fupi na mwili kukakamaa kama wa mgonjwa wa Parkinson. Baadhi yao walikuwa wakipiga ngumi na mateke usingizini miaka mingi kabla ya hapo, na wake zao ndio mashahidi. Hapa kosa laweza kuua, kwani baadhi ya dawa za kutuliza wagonjwa wa akili, kama vile haloperidol, huweza kuwadhuru vibaya sana. Daktari aelezwe mapema kuhusu vitu hivyo anavyoviona.

Kuna pia ile inayoshika sehemu za mbele na za kando za ubongo. Hii hupenda watu wa miaka 45 hadi 65, wakati mtu angali analipa karo. Kumbukumbu yake mwanzoni huwa nzuri, ila huruma na haya humtoka, hufuja pesa, au maneno humpotea mdomoni. Si ajabu akafutwa kazi au ndoa ikavunjika kabla hajamwona daktari.

Wazee wengine huwa na aina mbili kwa pamoja. Kwa hivyo, kabla ya kwenda hospitalini, andika daftarini ni kipi kilichoanza, lini, na kama kilikuja ghafla au polepole. Beba na dawa zote anazomeza. Damu pia ipimwe, maana upungufu wa vitamini B12 au tezi ya shingo iliyolegea huweza kuiga dimensia, na hayo yana tiba.

Lakini mzee aliyechanganyikiwa kwa siku mbili tatu tu, jana akiwa mzima, yaelekea ana maambukizi, amepungukiwa na maji mwilini au amedhuriwa na dawa. Huyo asingojewe, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.