Jaribio la Mtandaoni na Saa Inayowaponza Wengi

Mtihani wa karatasi una desturi zake, na kila mkazi wa kata anazifahamu. Bahasha hufunguliwa mbele ya watahiniwa, msimamizi huandika ubaoni saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na muda ukiisha kalamu huwekwa chini. Siku hizi mwalimu anayejiendeleza akiwa kazini, au kijana anayesoma chuo kwa masafa, hufanya jaribio lake kwa kishikwambi au simu janja akiwa sebuleni kwake. Bahasha, ubao na msimamizi havionekani, lakini vipo. Vimepangwa ndani ya mfumo na mkufunzi aliyeliandaa jaribio, na asiyezijua taratibu hizo huweza kupoteza alama alizozistahili.

Mifumo ya kuendeshea masomo mtandaoni ni mingi. Unaotumika sana vyuoni ni Moodle, programu iliyoanzishwa na Martin Dougiamas nchini Australia, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2002. Haitozwi ada ya leseni, na chuo chochote chaweza kuiweka katika seva yake. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni miongoni mwa vyuo vinavyoitumia. Maelezo yafuatayo yanahusu mfumo huo, ingawa mingine haitofautiani nao sana.

Kazi ya mkufunzi huanzia katika hazina ya maswali. Humo maswali huhifadhiwa kwa makundi kufuata mada, na hubaki humo hata baada ya jaribio kwisha, hivyo huweza kutumika tena mwaka unaofuata. Akiisha kuyaandika, mkufunzi huunda jaribio lenyewe na kuchagua maswali kutoka katika hazina. Anaweza pia kuuagiza mfumo uyachague kwa bahati nasibu, mathamani matano kati ya ishirini ya mada moja, ili majirani wawili waliokaa kwenye mkeka mmoja wasipate karatasi inayofanana. Mpangilio wa majibu ya kuchagua nao hubadilishwa kwa kila mtu. Hatua hizi hupunguza kunakili, lakini haziwezi kulifanya swali dhaifu liwe zuri.

Penye matatizo mengi ni muda. Mkufunzi hupanga mambo matatu yanayotofautiana, yaani saa ya kufunguliwa, saa ya kufungwa, na muda anaopewa mtahiniwa tangu anapoanza. Wengi huyachanganya haya mawili ya mwisho. Jaribio la dakika 60 linalofungwa saa 2:00 usiku, likianzwa saa 1:40 usiku, humpa mtahiniwa dakika 20 tu, kwa kuwa saa ya kufungwa ndiyo yenye nguvu.

Zaidi ya hapo, mfumo hauhesabu saa kama wahesabuvyo Waswahili. Unapoandika 12:00 katika mtindo wa saa 24, maana yake ni saa 6:00 mchana, wala si saa 12:00. Unapoandika 23:59, ni saa 5:59 usiku. Lililo gumu zaidi ni 00:00. Mkufunzi anayetaka jaribio lifungwe tarehe 15 usiku huweza kuchagua tarehe 15 na kuacha 00:00, akidhani ameandika saa sita usiku wa mwisho wa siku hiyo. Kwa mfumo, hapo ndipo tarehe 15 inapoanza. Watahiniwa wakiamka asubuhi ya tarehe 15 hukuta mlango umefungwa, na siku nzima waliyoitegemea haipo. Njia salama ni kuandika 23:59, na iliyo bora zaidi ni kufunga jaribio mapema jioni, wakati mtaalamu wa mfumo bado anapatikana kwa simu. Tangazo nalo liandikwe kwa maneno yasiyo na utata, kwa mfano, Ijumaa saa 2:00 usiku kwa saa za Tanzania.

Neno hili la mwisho si pambo. Kila mtumiaji ana ukurasa wa taarifa zake binafsi, na humo huoneshwa ukanda wa saa. Ukiwa umewekwa wa nchi nyingine, saa zinazoonekana hazitalingana na saa ya ukutani, ijapokuwa jaribio litafungwa wakati uleule kwa wote. Ni vema mtahiniwa akaukagua ukurasa huo kabla ya siku ya jaribio.

Umeme ukikatika au bando likiisha katikati ya jaribio, saa haisimami, kwa maana inahesabiwa na seva, si na simu ya mtahiniwa. Majibu huhifadhiwa kila anapohamia ukurasa mwingine, na mara nyingi mfumo huyahifadhi wenyewe kila baada ya muda mfupi. Mtandao ukirejea kabla ya muda kwisha, mtahiniwa huingia tena na kuendelea alipoishia. Mkufunzi anayewapangia watu wa vijijini afanye jaribio kuwa na kurasa fupi fupi, maana ukurasa mmoja wenye maswali yote huyaweka majibu mengi hatarini kwa pamoja.

Muda ukiisha kabla ya kuwasilisha, matokeo hutegemea chaguo la mkufunzi. Mfumo waweza kuyawasilisha majibu yaliyohifadhiwa bila kuombwa. Waweza kutoa muda wa nyongeza wa kuwasilisha tu, bila kujibu zaidi. Vilevile waweza kukataa kabisa kuyahesabu majibu ambayo hayakuwasilishwa kwa wakati. Chaguo hili la tatu halifai mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, na mkufunzi anayelitumia awaeleze watahiniwa mapema.

Aliyepatwa na hitilafu ana njia. Mfumo humruhusu mkufunzi kumwongezea mtu mmoja, au kundi zima, muda, siku ya mwisho, au nafasi ya kurudia, bila kuwagusa wengine. Nafasi hiyohiyo huwafaa watahiniwa wenye ulemavu wanaohitaji muda mrefu zaidi, nao waiombe mapema. Ombi la aliyekatikiwa na mtandao huwa na uzito likiambatana na picha ya skrini na saa ambayo tatizo lilianza. Mfumo wenyewe huweka kumbukumbu ya lini mtu aliingia na alijibu nini, kwa hiyo mkufunzi anaweza kulinganisha.

Kuhusu usahihishaji, maswali ya kuchagua husahihishwa papo hapo. Insha husubiri mkono wa mkufunzi, na hadi hapo alama ya jumla haikamiliki. Kutokuiona hakuna maana ya kufeli. Maswali ya jibu fupi ndiyo yenye mitego, kwa sababu mfumo hutambua majibu yaliyoorodheshwa tu. Iwapo mkufunzi ameandika “samadi”, mtahiniwa aliyejibu “mbolea ya samadi” atakosa. Aliyeona jibu lake sahihi limekataliwa na aseme, kwani mkufunzi akirekebisha orodha huweza kuuagiza mfumo ukokotoe upya alama za watu wote. Mkufunzi makini hasubiri malalamiko. Taarifa ya takwimu humwonesha ni asilimia ngapi walipata kila swali, na swali ambalo hata waliofanya vizuri kwingine wamelikosa, huenda ufunguo wake ndio wenye kosa.

Majibu sahihi mara nyingi hayaoneshwi hadi jaribio lifungwe kwa wote, jambo ambalo ni haki, maana wapo ambao hawajaanza.

Liko tatizo moja dogo ambalo limewagharimu wengi. Kitufe cha kumaliza kilicho chini ya swali la mwisho hakiwasilishi chochote. Kinafungua ukurasa wa muhtasari unaoonesha maswali yaliyojibiwa na yaliyorukwa. Katika ukurasa huo kuna kitufe cha pili cha kuwasilisha yote, nacho kikibonyezwa mfumo huuliza mara moja zaidi. Mtahiniwa asiifunge simu yake hadi aone jaribio limeandikwa kuwa limekamilika, pamoja na saa lilipowasilishwa.