Kumlisha Farasi Aliyeacha Mbio

Mwanafunzi anayekaa Kawe humfahamu mbuzi na ng'ombe kuliko farasi, kwa kuwa nchini mwetu farasi ni wachache. Nairobi, nchini Kenya, kuna uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954. Farasi wa mbio huanza kushindana akiwa na umri wa miaka 2 au 3, na wengi huacha kabla ya kutimiza miaka 10. Lakini farasi aliyetunzwa vema huweza kuishi miaka 25 au zaidi. Je, alishwe nini katika miaka hiyo yote iliyobaki?

Wakati wa mashindano hupewa nafaka nyingi, kama vile shayiri, kwa sababu wanga uliomo humpa nguvu za kukimbia. Akiacha mbio, nafaka ile ile huweza kumwua. Ili kuelewa jambo hili, yatupasa kulichungua tumbo lake.

Tumbo la mbuzi lina sehemu 4, na mbuzi hucheua. Farasi hacheui. Mfuko wake wa chakula ni mdogo, hauzidi lita 15 hivi, wala hawezi kutapika. Nyasi alizokula huchachushwa mbele zaidi, katika utumbo mpana, na vijidudu wengi waishio humo. Wanga mwingi ukiwafikia, huchacha upesi ukatoa gesi na asidi. Tumbo husokota. Farasi hutoka jasho, hutazama ubavu wake, hujitupa chini na kugaagaa. Asipotibiwa mapema aweza kufa. Pengine nyama laini iliyo ndani ya kwato huvimba, naye hushindwa hata kutembea.

Kwa hiyo mtunzaji hupunguza nafaka kidogo kidogo kwa muda wa wiki kadhaa, huku akiongeza nyasi, ili vijidudu wale wapate kuzoea. Farasi mwenye uzito wa kilo 500 huhitaji kilo 8 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku. Hapewi zote mara moja. Asidi hutoka katika mfuko wake wa chakula usiku na mchana, hata asipokula, na mfuko ukikaa mtupu hupata vidonda. Maji anywe lita 30 au zaidi. Penye joto kama pwani yetu aongezewe, pamoja na chumvi, maana farasi hutoka jasho jingi kama wewe ukicheza mpira mchana.

Meno ya farasi huzidi kuchomoza kwa miaka mingi. Kingo zake zikiwa kali humkata shavu, akashindwa kutafuna. Ndipo daktari wa mifugo huzisawazisha kwa tupa. Kwato nazo hupunguzwa kila baada ya wiki 6 hivi.

Katika Afrika uko pia ugonjwa hatari wa farasi unaoenezwa na usubi. Pundamilia huwa nao bila kuonekana mgonjwa, lakini farasi wengi wakiupata hufa. Farasi huchanjwa, na jioni huingizwa bandani, kwa kuwa usubi huuma zaidi kuanzia wakati huo.

Jambo la kufanya: Mtazame mbuzi aliyelala kivulini baada ya kula. Hesabu mara anazotafuna kabla ya kumeza tena. Kisha eleza: farasi angekuwa akifanya nini wakati huo?